Gari Imekosa Pumzi: Historia Fupi ya Turbo Kati ya Nakuru na Timboroa

Mjomba wangu hakusema gari limeharibika. Alisema, "Gari imekosa pumzi."

Ilikuwa Hiace ya dizeli, abiria 14, iliyokuwa ikipiga trip za Nakuru–Eldoret. Mjini ilikuwa sawa. Hata Salgaa ilipita bila shida. Lakini ikianza kupanda Sachangwan ikiwa imejaa, dereva akikanyaga mafuta, injini ilinguruma, moshi mweusi ukatoka nyuma, na gari likabaki palepale nyuma ya lori la simiti. Kufika Timboroa abiria walikuwa wameshaanza kutazamana. Wawili watatu walianza kushukia Mau Summit na kutafuta gari lingine.

Fundi wa kwanza alifungua boneti, akasikiliza injini gari likiwa limeegeshwa, akasikia mluzi. Akapangusa mikono. "Turbo imekufa, mzee." Turbo ya mtumba ikaagizwa Nairobi. Pamoja na kazi, ilikula shilingi 70,000. Ikafungwa Ijumaa. Jumatatu gari likapanda Sachangwan vilevile, na mluzi uleule.

Ile 70,000 ilikuwa karo yangu ya mwaka wa tatu. Mjomba ndiye aliyekuwa akinisomesha, na matatu ile ndiyo iliyokuwa ikimsomeshea mpwa. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha chuo, huwa nasema tu "mambo ya karo" na wao wanaelewa, kwa sababu Kenya hii nani hajui mambo ya karo. Lakini jibu kamili ni refu kidogo, na linaanzia mwaka 1905.

Mwaka huo mhandisi mmoja Mswisi, Alfred Büchi, alisajili hataza ya wazo ambalo ukilifikiria unashangaa kwa nini halikufikiriwa mapema. Injini hutupa moshi nje ukiwa bado una joto na kasi. Weka pangaboi ndogo kwenye njia ya moshi ule, izunguke. Unganisha kwa chuma kimoja na pangaboi ya pili upande wa hewa safi, nayo izunguke, isukume hewa ndani ya injini kwa nguvu. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na injini ileile inatoa nguvu zaidi. Hiyo ndiyo turbo. Ile presha ya ziada inayosukumwa ndani ndiyo mafundi wetu huiita busti.

Ilichukua miaka mingi kabla wazo la Büchi kupata kazi ya maana kwenye meli, miaka ya 1920. Lakini aliyeonyesha kwamba turbo ni dawa ya milima ni Mmarekani, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric. Mwaka 1918 alichukua injini ya ndege aina ya Liberty akaipandisha kwa lori hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, kama mita 4,300 juu ya bahari. Chini, injini ile ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 350. Kule juu bila turbo ikashuka hadi 230. Akafunga turbo, ikapanda hadi 356.

Wasomaji wa Nakuru, shikeni hesabu hiyo, kwa sababu ni yetu. Hewa ina uzito, na ukipanda, ile iliyobaki juu yako inapungua. Mombasa hewa inasukuma kwa kilopaskali 101 hivi. Nakuru, tukiwa mita kama 1,850 juu, inasukuma kwa 81 hivi. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni kama 73. Maana yake, gari lisilo na turbo likitoka Mombasa na kufika kwetu limeshapoteza karibu moja ya tano ya pumzi yake kabla halijabeba mtu, na likifika Timboroa limepoteza zaidi ya robo. Wazee walioendesha Peugeot 504 za abiria kwenye barabara hii wanalijua hilo bila kusoma fizikia. Fundi mzuri wa enzi zile alijua kurekebisha kabureta ya gari la huku juu, maana hewa ikipungua na petroli ibaki ileile, injini inakunywa kuliko inavyokula.

Kwa hivyo turbo ilikuwa na sababu ya kuja Bonde la Ufa. Kwa hesabu yangu, ilikuja kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ilikuwa reli. Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900. Miaka ya 1920 tawi likapandishwa kutoka Nakuru kuelekea Eldoret kupitia Timboroa, mojawapo ya sehemu za juu kabisa ambazo treni zimewahi kufika barani Afrika. Gari la moshi halikuteseka sana na hewa nyepesi, kwa kuwa nguvu yake ilitoka ndani ya boila. Injini ya dizeli ndiyo inayohitaji kuvuta hewa. Kuanzia mwaka 1960 shirika la reli la Afrika Mashariki lilipoanza kupokea injini za daraja la 90 kutoka English Electric ya Uingereza, zilikuja na turbo ndani: silinda 12, nguvu za farasi zaidi ya 1,800. Na hazikuja peke yake. Zilikuja na vitabu, geji, ratiba za ukaguzi, na vijana waliofundishwa kusoma geji hizo kabla ya kushika spana.

Njia ya pili ilikuwa Safari Rally. Mwaka 1983 Audi walileta Quattro zenye turbo, Hannu Mikkola na Michèle Mouton wakamaliza wa pili na wa tatu nyuma ya Ari Vatanen, ambaye Opel Ascona yake haikuwa na turbo hata kidogo. Walioiona turbo kama mzaha wa Wazungu walicheka mwaka mmoja tu. 1984 Björn Waldegård alishinda na Toyota Celica yenye turbo, 1985 Juha Kankkunen akashinda na Celica kama ile, 1986 Waldegård tena. Kuanzia hapo hadi rally ilipoondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, kila gari lililoshinda lilikuwa na turbo. Mkenya Ian Duncan alishinda 1994 na Celica, na mwaka huohuo Patrick Njiru akamaliza wa nne na Subaru Impreza. Watoto wa miaka ile walisimama kando ya barabara za vumbi wakisikia mlio wa turbo ikipumua dereva akiachilia mafuta. Wengi wao ndio waliokuja kununua Subaru walipopata kazi.

Lakini angalia tena yale magari ya rally. Nyuma yao kulikuwa na malori ya vipuri, helikopta, na mafundi ambao kazi yao ilikuwa kujua kila kituo gari linapumua vipi. Vumbi la Bonde la Ufa likiziba filta, walijua. Baadhi ya magari yalifungwa bomba refu la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele, ili yasinywe maji ya mito na vumbi. Turbo ilikuja na watu wake, na rally ikiisha wakarudi nayo kwao.

Njia ya tatu ndiyo yetu sisi: mitumba. Serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika kupitia bandari ya Mombasa. Baadaye kanuni ya KS 1515 ya KEBS ikaweka kikomo cha miaka minane, kwa hivyo gari linafika likiwa limeshaishi maisha yake ya kwanza. Ukiliwasha, sauti ya mwanamke inakukumbusha kadi kwa Kijapani. Karatasi chini ya boneti ni ya Kijapani. Kitabu, kama kipo, ni cha Kijapani. Na mpira ni mpira: paipu zote zinazobeba busti zimepikwa kwa joto la injini miaka saba, minane, kabla hazijaiona Mlolongo.

Humo ndani kulikuwa na turbo za kila aina. Kulikuwa na Subaru Legacy za turbo mbili, ndogo ikianza na kubwa ikijiunga baadaye, zikiongozwa na msitu wa vipaipu vyembamba ambavyo kimoja kikichomoka gari linakuwa zito katikati ya safari bila kelele yoyote. Wengine waliamua kung'oa turbo moja, yaishe. Kulikuwa na Forester, X-Trail GT, Pajero, na hizi Hiace za dizeli zilizogeuzwa matatu. Mara hii turbo ilikuja bila geji, bila kitabu na bila watu wake. Fundi wa Nakuru akaachiwa masikio yake na jambo moja la hakika: ukibadilisha kila kitu, mwishowe utabadilisha kilichoharibika.

Simlaumu sana fundi wa kwanza wa mjomba. Alifanya alichofundishwa na soko. Lakini bili ya kubahatisha hailipwi na soko. Inalipwa na mwenye gari, na mwenye gari akiishiwa inalipwa na mtu wa nyumbani kwake.

Aliyetutoa kwenye giza alikuwa mzee jirani, fundi wa dizeli aliyefanya kazi na shirika la reli hadi mwaka 2006, reli ilipokabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba na wengi wakaenda nyumbani. Alikuwa anafuga kuku na kurekebisha pampu za maji. Mjomba alimwita kwa kukata tamaa tu, gari likiwa limeegeshwa wiki ya tatu.

Mzee hakufungua boneti. Aliketi kwenye kiti cha abiria, mlango wazi, akaanza kuuliza. Ilianza lini? Ghafla, au polepole? Ikiwa tupu inafanya hivyo? Moshi ni rangi gani? Mluzi unasikika ukikanyaga tu, au hata ikiwa imetulia? Nani aliishika mwisho kabla ya shida kuanza? Mjomba alijibu kama mtu aliyeko hospitalini. Ilianza polepole. Ikiwa tupu iko sawa. Moshi mweusi. Mluzi ukikanyaga.

"Basi turbo yako ya kwanza haikuwa imekufa," mzee akasema. "Turbo ikifa haingoji Sachangwan."

Halafu akafafanua, na mimi nilikuwa nimesimama pale na koti la chuo. Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha kuungua. Injini inapewa mafuta, hewa inapotea njiani. Mluzi unaokuja na presha ni hewa inayotoka mahali pembamba. Na kwa nini juu tu? Kwa sababu turbo inafanya kazi ngumu zaidi ukipanda. Tuseme kompyuta ya gari inataka jumla ya kilopaskali 181 ndani ya injini. Mombasa, hewa yenyewe inaleta 101, turbo inaongeza 80. Nakuru turbo lazima iongeze 100. Timboroa, 108. Paipu iliyochoka inaweza kuvumilia 80. Ikifika 100 inafunua mdomo. Ukiipima gereji, gari likiwa limeegeshwa na halina mzigo, hakuna presha ya maana ndani, na ufa umefunga kama hauko.

Hesabu hiyo ina upande wa pili, unaowachanganya wenye geji pia. Geji ya kawaida ya busti inasoma tofauti kati ya ndani na nje. Gari la zamani linaloongozwa na springi peke yake litaonyesha 80 Mombasa na 80 Nakuru, na mwenyewe atasema mambo ni yaleyale, ilhali huku juu injini inapata 161 kwa jumla badala ya 181. Gari kama hilo halina ugonjwa, limepanda mlima tu. Kabla ya kusema busti iko chini lazima ujue chini kuliko nini, na uko wapi.

Kazi yenyewe ilichukua siku moja. Alianza na filta ya hewa, akaitoa, akaipiga piga kwenye tairi. Vumbi lilikuwa kiasi, si la kuziba. Akachomeka kisomaji cha bei rahisi alichoazima kwa kijana wa simu, akafungua swichi bila kuwasha injini, akaangalia sensa ya presha inasema nini. Ilisoma 81. "Vizuri. Inajua iko Nakuru." Kama ingesema 60, au 101, tungekuwa tunafuata mwongo. Akafunga geji yake ya zamani kwenye njia ya hewa, akaingiza bomba lake hadi ndani kwa dereva. Tukapakia magunia ya mchanga badala ya abiria, tukaelekea Sachangwan. Sindano ilipanda vizuri, ikafika mahali, ikatetemeka, ikaanguka. Mluzi ukaja wakati uleule.

Tuliporudi alichukua kopo la rangi linalotosha kwenye mdomo wa paipu ya turbo, akalitoboa, akafunga valvu ya tairi. Jamaa wa pancha akaleta kompresa yake. Tukajaza hewa kidogo kidogo, bila kuzidi ile presha ambayo turbo yenyewe ingetoa, na mzee akapaka maji ya sabuni kila kiungo, kama vile unavyotafuta tundu la tyubu kwenye karai. Paipu ya mpira inayotoka kwenye intakula ilikuwa na ufa chini ya klipu, upande usioonekana, umefunikwa na utando wa oili. Mapovu yakatoka. Hakuna aliyesema kitu.

Paipu ilikuwa shilingi 1,200.

Jioni ile alinieleza utaratibu wake, nikauandika nyuma ya noti za somo ambalo sikuja kulimaliza. Kwanza historia ya gari. Pili filta na njia ya kuingiza hewa. Tatu paipu, klipu na intakula, kwa sabuni. Nne vile vipaipu vyembamba na solenoidi inayoongoza busti. Tano ule mlango mdogo wa kupitisha moshi kando, westigeti, kama umekwama wazi; na kwa turbo za dizeli zenye mapezi yanayojigeuza, kama masizi yameyagandisha. Sita upande wa moshi: ufa kabla ya turbo unaipokonya moshi wa kuizungusha, na kataliti iliyoziba kwenye ekzosi inaikaba koo. Turbo yenyewe ni ya mwisho: shika chuma chake, kisukume kando kwa kando na mbele na nyuma, tazama kama mapezi yanagusa ukuta, tazama oili. Na ukikuta kweli imekufa, usifunge nyingine kabla hujajua kilichoiua. Mara nyingi ni oili chafu, au njia ya oili iliyoziba, na itaiua ya pili vilevile.

Niligundua baadaye kwamba utaratibu ule unaenda kutoka rahisi hadi ghali, ilhali gereji zetu nyingi zinaanzia mwisho. Nadhani mzee aliutoa kule kwenye mabanda ya reli, ambako injini moja ikikosea kupimwa ingesimamisha mzigo wa siku nzima katikati ya mlima. Shirika lilipovunjwa vunjwa, hakuna aliyemwomba aandike alichojua. Alienda nyumbani na geji yake kwenye kisanduku cha mbao.

Mjomba hakuweza kungoja zaidi. Wiki tatu bila trip, mkopo wa sacco juu, na ile 70,000. Aliliuza gari likiwa zima, linavuta kuliko lilivyowahi kuvuta, kwa mtu wa Eldoret. Chuo kilinipa muda wa kulipa, muda ukaisha. Sasa naandika, na siku ambazo maandishi hayalipi nasaidia gereji moja huku Industrial Area, ambapo kazi yangu ya kwanza ni kuuliza maswali. Wateja wengine wanakasirika. "Kijana, nimekuja kutengenezewa, si kuhojiwa." Nawaambia ni dakika tano tu.

Mwaka jana nilipanda matatu kwenda Eldoret kwa mazishi. Nilikuwa nimeshaketi nikaona ule mkwaruzo kwenye kiti cha nyuma ya dereva, ambao niliufanya mimi na jembe la shangazi. Wamelipaka rangi nyingine na kubadilisha jina. Tulikuwa 14. Sachangwan nikatega sikio. Kwenye mteremko kabla ya Timboroa dereva alikuwa anaongea na simu. Mlima ulipoanza akaiweka chini, akakanyaga, tukapita malori mawili ya simiti.

Hakukuwa na mluzi.